Barua kwa mwanangu: mpigaji chipukizi au mkongwe?

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Swali lako la Jumapili halikutaka jibu la haraka la kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia. Uliuliza hivi: timu ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani, ina mpigaji mkongwe, yule anayeupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti ya goli, naye ameanza kukosa, na kwenye kambi ya kabla ya msimu yumo kijana aliyetoka chuo juzi, mwenye mguu wa kufikisha mpira mbali. Kocha abaki na nani?

Mimi ningemchukua kijana. Ila nina sharti: amshinde mkongwe huyo uwanjani, wenzake wote wakiona. Asipewe kazi kwa sababu tu viongozi wa timu walitumia nafasi kubwa ya drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, kumpata.

Itazame Tampa Bay. Mwaka 2016 timu yao, Buccaneers, walitoa nafasi zao mbili za drafti, ya raundi ya 3 na ya 4, wakapanda hadi raundi ya 2 ili wampate Roberto Aguayo, mpigaji wa chuo cha Florida State. Chuoni hakuwahi kukosa hata mpigo mmoja wa pointi ya ziada, ule mfupi unaopigwa baada ya timu kufunga. Connor Barth, aliyekuwa mpigaji wao, wakamwacha papo hapo, kwa hiyo kijana aliingia kambini bila mkongwe wa kushindana naye, amebebeshwa matarajio ya mji mzima. Msimu ule alipitisha 22 kati ya mipigo 31 ya pointi 3, na Agosti 2017 akaachwa. Bado naumia nikimfikiria. Kipaji alikuwa nacho.

Aliyechukua nafasi yake ni mkongwe Nick Folk. Oktoba hiyo hiyo Folk alikosa mipigo mitatu katika mechi moja dhidi ya Patriots, timu ikafungwa 19-14, naye akaondoka. Ungesema amekwisha. Lakini mwaka 2023, akiwa timu ya Tennessee, alipitisha mipigo 29 kati ya 30 na kuongoza ligi nzima kwa usahihi. Mwaka uliofuata akaongoza tena, umri wake miaka 40!

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Mpigaji hupata mipigo kama 30 hivi ya pointi 3 kwa msimu. Akipitisha 27 ni asilimia 90, na watu humwita shujaa. Akipitisha 24 ni asilimia 80, na watu hudai afukuzwe. Tofauti ni mipigo mitatu tu, na pengine mmoja ulipeperushwa na upepo, mwingine mshikaji, yule anayemsimamishia mpira chini, aliuweka vibaya. Kwa hiyo mkongwe aliyekosa miwili kwa wiki mbili simhukumu. Ninachokiangalia ni mguu: je, mpigo wa yadi 50 bado unafika na nafasi ya kutosha juu ya mtambaa wa goli, au siku hizi anaulazimisha?

Bill Parcells, aliyekuwa kocha wa New York Giants, aliuona mguu. Januari 1991 mpigaji wake, Matt Bahr, alimpitishia mipira mitano kule San Francisco, wa mwisho muda ukimalizika, Giants wakashinda 15-13 na kwenda Super Bowl, fainali ya ligi. Miaka mitano na ushee baadaye wawili hao walikuwa pamoja tena kwenye timu ya New England Patriots, na Parcells akamwacha Bahr, mtu aliyempa ushindi ule, akambakisha Adam Vinatieri, kijana ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Huo ndio ujasiri ninaouheshimu kwa kocha. Tena hakuishia kumchagua tu. Vinatieri alikosa mipigo 8 kati ya 35 msimu ule wa 1996, na Parcells akavumilia. Wewe unamjua kwa mpigo wa yadi 45 kwenye theluji dhidi ya Oakland, Januari 2002. Mpigo ule haungekuwepo kama angefukuzwa mwaka wake wa kwanza.

Baltimore nao walifanya hivyo 2012. Mpigaji wao Billy Cundiff alikuwa amekosa mpigo wa yadi 32 ambao ungesawazisha nusu fainali, lakini hawakumfukuza siku ile. Walimleta Justin Tucker kambini, naye pia hakuchaguliwa kwenye drafti, wakawashindanisha hadi Agosti. Tucker akashinda, akapitisha 30 kati ya 33, na msimu huo huo wakabeba Super Bowl.

Suala la mshahara lipo, kijana hugharimu kidogo, lakini kwangu hilo si la kuamua.

Basi Agosti ukitazama mechi za maandalizi, usihesabu waliopitisha na waliokosa peke yake. Angalia mipira ya kuanzisha mchezo inaangukia wapi. Angalia kama kijana anapewa mshikaji yule yule atakayemshikia mpira Septemba, maana bila hivyo jaribio lenyewe lina kasoro. Na akikosa mmoja, usibadilishe chaneli: subiri uone anavyopiga unaofuata, kisha unipigie tubishane.

Baba yako