Nasema Alhamdulillah lakini moyo unauma: je, huu ni unafiki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Huu ni mwaka wa saba wa ndoa yetu na bado hatujajaaliwa mtoto. Naswali, nafunga, naomba. Lakini kila nikisikia mwenzangu amejifungua, nampongeza kwa mdomo, nikirudi nyumbani nalia. Nikiulizwa hali nasema Alhamdulillah, kisha najiona mnafiki. Mama mkwe ananiambia kulilia mtoto kila siku ni kukufuru neema nilizopewa, ninyamaze nishukuru. Je, kuomba jambo lilelile bila kuchoka ni kukosa subira?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Dada yangu, wewe si mnafiki. Mnafiki hutamka imani asiyokuwa nayo. Wewe umetamka neno unaloliamini, na uchungu ulio moyoni hukuuchagua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpakata mwanawe Ibrahim akikata roho, machozi yakamtoka. Abdurrahman bin Auf akastaajabu: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akajibu kuwa ile ni rehema, kisha akasema jicho linatoka machozi, moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Wameipokea Bukhari na Muslim. Basi kinachochungwa hapo ni kauli. Huzuni haikuhesabiwa kuwa kosa.

Mama mkwe wako, nadhani, amekusudia kheri, ila neno ameliweka mahali si pake. Nabii Yaaqub ndiye aliyesema "subira njema", na ndiye huyo huyo aliyelia hadi macho yakawa meupe kwa huzuni. Walipomlaumu alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake (Yusuf, 86). Nabii Ayyub alimwita Mola wake kwamba madhara yamempata, na bado Mwenyezi Mungu akamshuhudia: hakika tulimkuta mwenye kusubiri (Saad, 44). Kumlilia Mungu ni ibada. Subira huharibika mtu anapomlaumu Mungu mbele ya watu.

Sasa nataka ukae na Nabii Zakariya, maana kisa chake ndicho kilicho karibu nawe. Alikuwa mzee, mkewe tasa. Akimlea Maryam, na kila akiingia alipo hukuta riziki, akamuuliza inatoka wapi. Akajibiwa: inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Aya inayofuata inaanza kwa neno "pale pale": pale pale Zakariya akamwomba Mola wake ampe kizazi chema (Aal Imran, 38). Tazama alivyofanya. Ameona neema mkononi mwa mwingine, wala hakuuliza kwa nini yeye na si mimi. Ameiona kuwa ni dalili kwamba Mpaji yupo na hazina yake haijafungwa. Kwa hiyo ukisikia mwenzako kajifungua, mwombee mtoto wake baraka, na papo hapo ujiombee wako. Kutamani mfano wa alichopata bila kutaka kimwondokee si husuda; wanazuoni wameita ghibta. Na ukilia ukifika nyumbani, lilia kwenye mswala.

Jingine katika dua yake, nami kila nikilisoma husimama: kabla hajataja haja yake alisema, Mola wangu, sijapata kamwe kuwa mkosefu katika kukuomba (Maryam, 4). Mifupa imedhoofika, kichwa cheupe kwa mvi, mtoto bado hana, na anaanza kwa kukiri kuwa alipomwomba Mola wake hakuwahi kupata hasara! Shukrani na ombi zimekaa katika pumzi moja. Anayekwambia uchague moja kati ya hayo mawili amekubana pasipo na ubano.

Usikome kuomba basi. Mtume amesema mja hujibiwa maadamu hana pupa ya kusema: nimeomba wala sikujibiwa. Kilichokatazwa ni kususa. Kurudiarudia hakukukatazwa.

Lakini nisikudanganye. Watu huisoma aya ya "mkishukuru nitakuzidishieni" (Ibrahim, 7) kana kwamba ni biashara: toa Alhamdulillah mia, upewe mtoto. Aya haikutaja atakachozidisha. Pengine ni hicho unachokiomba, pengine ni utulivu, pengine ni kingine kabisa. Na katika Sura Ash-Shura Mwenyezi Mungu amesema humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, na humfanya amtakaye tasa. Bibi Aisha, Mama wa Waumini, hakuzaa. Mtume alimpa kuniya (jina la heshima la "mama wa fulani") ya Ummu Abdillah kwa mtoto wa dada yake, Abdullah bin Zubayr. Hadithi alizopokea zinahesabiwa 2,210, na masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kuuliza. Hakuna aliyewahi kusema kuwa maisha yale yalikuwa pungufu. Sisemi hivi ili ukate tamaa. Mwenye miaka saba ya ndoa bado yuko njiani. Nasema ili shukrani yako isining'inie kwenye jambo moja tu.

Na matibabu ni sehemu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwani Mtume ametuamrisha tujitibu. Nendeni hospitali wote wawili. Nimeona mara nyingi mke peke yake akizungushwa kwa vipimo miaka na miaka, na mume hajapimwa hata siku moja. Wala msiende kwa waganga wa ramli, hata akiwapeleka mama mkwe.

Kwenye sijda omba kwa dua ya Zakariya mwenyewe: Rabbi laa tadharniy fardan wa anta khayrul waarithiin. Maana yake: Mola wangu, usiniache peke yangu, nawe ni mbora wa wanaorithi.

Wallahu a'lam.