Kombucha ya nyanda za juu hufuata majira

Hapa Uyole, Mbeya, ikifika Juni, ukungu haukai nje tu. Mtungi wangu wa kwanza wa kombucha, yaani chai tamu inayochachushwa kwa mbegu yenye hamira na bakteria, niliuweka kwenye kabati la jikoni nikauacha siku kumi, kama nilivyoelekezwa na rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam. Nilipofunua kitambaa nikakuta madoa ya kijani yenye manyoya juu ya chai, na chai yenyewe bado tamu kana kwamba nimeipika jana. Niliumia, maana mbegu ile ilisafiri na basi usiku kucha. Lakini mbegu haikuwa na kosa. Kule Dar hata usiku wa manane chumba kina joto. Huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Hamira ililala, asidi ikachelewa, kuvu wakapata nafasi.

Tangu hapo nachachusha kwa kufuata majira, na ndilo ninalotaka kukushirikisha wewe uliyeko Mbeya, Iringa, Njombe au Makete, kwa sababu maelekezo mengi yanayotufikia yameandikwa na watu wa sehemu zenye joto.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Aliyefanya kazi kiwanda cha chai, Katumba au Mufindi, atakuambia chai yote nyeusi imechachushwa. Ni kweli kwa lugha ya kiwandani: majani hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, ndipo yakaushwe. Ila pale hakuna bakteria wala hamira inayohitajika. Ni vimeng'enya vya jani lenyewe vinavyokutana na hewa. Kombucha huanzia pale kiwanda kilipoishia. Unaipika chai hiyohiyo, unatia sukari, halafu mbegu, ule utando mzito unaoteleza ambao wengine huuita mama. Hamira hula sukari na kutoa gesi na kilevi kidogo, na bakteria hukigeuza kilevi hicho kuwa asidi, ileile ya kwenye siki. Kwa sisi tuliolelewa na maziwa ya mgando, togwa na ulanzi, jambo hili si geni.

Mimi hutumia majani ya Rungwe, ambako Wajerumani walipanda chai Kyimbila tangu 1904. Kwa lita mbili za maji naweka vijiko vinne vya chai vya majani na sukari gramu 150 hivi. Maji yaache yatokote kwa dakika kadhaa, maana kwa mwinuko wetu huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Chuja, acha ipoe kabisa, kisha tia mbegu pamoja na mililita 200 za kombucha kali ya awamu iliyopita. Usiibanie hiyo kombucha kali. Ndiyo inayoifanya chai iwe chachu tangu saa ya kwanza na kuwazuia kuvu. Mtungi uwe wa kioo, ufunikwe kwa kitambaa kilichofumwa karibukaribu na kufungwa kwa mpira. Sufuria ya alumini iishie kwenye kuchemsha maji, kwa kuwa asidi huila. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa viache kabisa, vingine vina madini ya risasi.

Sasa majira. Kuanzia Juni hadi Agosti mtungi wangu hukaa karibu na jiko, si juu yake, umezungushiwa blanketi kuukuu. Mchana jikoni huwa na nyuzi 20 au zaidi, na usiku blanketi huzuia joto lisipotee haraka. Hata hivyo huchukua wiki tatu, mara nyingine na siku mbili tatu za ziada. Naonja kwa mrija kuanzia siku ya 14. Mashamba ya chai yenyewe hupunguza kuchipua majira haya, kwa hiyo sioni kwa nini mtungi ukimbizwe. Ukiona manyoya, ya rangi yoyote, mwaga kila kitu pamoja na mbegu. Usiengue juu ukanywa chini. Najua inauma, sukari si bure, lakini sumu ya kuvu haionekani kwa macho.

Oktoba na Novemba mambo hugeuka. Siku saba au nane zinatosha, na hatari sasa iko kwenye chupa. Mwaka wa pili nilijaza chupa za kioo zenye vipande vya nanasi, nikafunga vizuri, nikaziacha rafuni. Moja ilipasuka usiku, na asubuhi niliokota vioo mpaka mlangoni. Bahati watoto walikuwa wamelala. Siku hizi kila awamu najaza pia chupa moja ya plastiki ya maji. Ikikakamaa kiasi cha kutobonyea kwa kidole, zote naziingiza kwenye friji. Mvua zikishika, Desemba hadi Aprili, kazi kubwa ni nzi wadogo wa matunda na unyevu, hasa kwa ndugu zetu wa Tukuyu. Osha kitambaa kila awamu. Kwa ladha huu ndio wakati mzuri kuliko yote, maembe ya Kyela yanapofika soko la Mwanjelwa.

Kunywa nako kuna majira yake. Kwenye joto kombucha ndiyo iliyoniondoa kwenye soda. Nilikuwa nikinywa mbili kila siku dukani, na chupa moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Miezi michache baadaye tumbo liliacha kujaa gesi na choo kikawa cha kawaida. Nikisema ukweli, naamini sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na soda niliyoiacha. Kwenye baridi asubuhi nakunywa chai ya rangi yenye tangawizi, na kombucha nusu glasi tu mchana, bila kuipasha moto, kwa sababu moto huua bakteria wake.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Muuzaji mmoja alimwambia mama mdogo wangu, mwenye kisukari, kwamba akinywa kombucha hana haja ya vidonge. Akaacha. Baada ya wiki tano tulimpeleka hospitali sukari ikiwa 19. "Mwanangu," aliniambia kitandani, "si walisema ni ya asili, haina madhara?" Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 12 wa kisukari aina ya pili. Waliokunywa mililita 240 kwa siku kwa wiki nne, wastani wa sukari yao kabla ya kula ulishuka kutoka 164 hadi 116 kwa vipimo vya Marekani (mg/dL), yaani kama 9.1 hadi 6.4 kwa vipimo vya kliniki zetu (mmol/L), vilevile vilivyosoma ile 19 ya mama mdogo. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni watu 12, na haimruhusu mtu kutupa dawa. Tena kombucha haimalizi sukari yote iliyotiwa.

Mwaka 1995 huko Iowa, Marekani, wanawake wawili waliokuwa wakinywa kombucha waliugua vibaya na mmoja akafariki. Haikuthibitishwa kuwa chanzo ni kombucha, lakini tangu hapo kiasi kinachotajwa kwa mtu mzima mwenye afya ni mililita 120 kwa siku, na mimi sivuki hapo. Mjamzito, mtoto mdogo, mgonjwa wa ini au figo, na yeyote ambaye kinga yake iko chini, asinywe ya nyumbani. Mikoa yetu ina watu wengi wanaotumia ARV, kwa hiyo nasema wazi: uliza kliniki kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo asidi itamtesa. Mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula, chai huzuia madini ya chuma. Suuza mdomo kwa maji baada ya kunywa, meno yasiliwe. Na mzee wa kanisa letu aliponiuliza kama ina kilevi, nilimjibu kwamba kidogo kipo, na ya nyumbani inaweza kuzidi asilimia 0.5. Alishukuru, akaacha.

Mama mdogo sasa yuko vizuri. Hunywa robo glasi ya ile kali ya wiki tatu, baada ya chakula cha mchana, muuguzi wake akijua, na vidonge vyake viko mezani pale pale.