Mtoto Anaharisha kwa Miezi Mitano: Apimwe Nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka minne. Kwa miezi mitano sasa anapata choo laini chenye harufu kali, kinachoacha kwa wiki moja kisha kinarudi. Tumbo hujaa gesi na uzito hauongezeki. Maabara moja ya binafsi imempima taifodi mara tatu, kila mara "imeonekana", na dawa amemaliza zote. Dawa ya minyoo pia amepewa. Sasa shemeji yangu wa Dar es Salaam anataka tupeleke damu ipimwe vyakula zaidi ya tisini kwa mpigo, kwa bei itakayomaliza fedha yetu yote ya korosho. Nianzie wapi? — Mama, Masasi

JIBU: Marahaba, mama. Fedha ya korosho iweke kwanza.

Kipimo cha damu kinachotumika sana kutafuta taifodi, yaani Widal, hakimtafuti mdudu mwenyewe bali kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, ambazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona na zinaweza kuonekana hata kwa sababu ya maambukizi mengine. Isitoshe, taifodi ni ugonjwa wa homa. Mtoto anayecheza bila homa kwa miezi mitano hana sababu ya kupimwa Widal mara ya nne, na antibayotiki zenyewe zinaweza kumfanya aharishe.

Dalili ulizoeleza zinanifanya nifikirie kwanza giardia, kimelea kinachoenezwa kwa maji na mikono michafu. Kuishi kwake kwenye nyumba safi hakumkingi, hasa kama maji ya kisima hayachemshwi. Dozi moja ya albendazole inayotolewa kwa minyoo haitoshi kukimaliza. Kimelea hiki hakitoki kwenye choo kila siku, ndiyo maana jibu la "hakuna kitu" kwa choo cha siku moja halitoshi: omba apimwe mara tatu, kwa siku tofauti ndani ya takriban siku kumi. Choo kikiwa chepesi kifike maabara ndani ya nusu saa hadi saa moja. Chukua kijiko kimoja, hasa sehemu yenye ute, ukitie kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Nimeona choo kikiletwa ndani ya kiberiti, kimekauka kama udongo. Fundi wa maabara hapo hana la kufanya. Kichocho usikihangaikie kwenye choo, kwani cha ukanda wetu wa Lindi na Mtwara kwa kawaida ni cha mkojo.

Siku hiyohiyo apimwe picha kamili ya damu, ili tujue kama ana upungufu wa damu, na VVU. Usione vibaya daktari akitaja VVU. Kwa mtoto anayeharisha muda mrefu bila kuongezeka uzito, kipimo hicho ni cha kawaida. Beba kadi ya kliniki, kwa sababu mstari wa uzito utamweleza daktari tatizo lilianza lini vizuri kuliko kumbukumbu zetu sisi wote.

Vyakula tisini? Hapana. Vipimo vya namna hiyo kwa kawaida hutafuta kingamwili za aina ya IgG dhidi ya vyakula, nazo huonyesha zaidi kwamba mtoto amewahi kula chakula hicho, wala hazithibitishi kwamba kinamdhuru. Mara nyingi familia hurudi na orodha ndefu ya makatazo, na mtoto ambaye tayari haongezeki uzito ananyimwa mayai na samaki.

Vipimo vya mwanzo vikiwa safi na uzito bado umesimama, ndipo daktari wa watoto, kwa mfano katika hospitali ya Ndanda au ya Ligula, atafikiria ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo huumizwa na ngano. Hapo huombwa kipimo cha damu cha kingamwili za ugonjwa huo, ziitwazo tTG, za aina ya IgA, pamoja na kiasi cha IgA yote mwilini. Kwa hiyo chapati na maandazi usimwachishe kabla ya kupimwa, maana jibu linaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

Ukiona damu kwenye choo, matapishi ya kijani, macho yaliyodidimia au maumivu yanayomwamsha usiku, usisubiri kopo la tatu. Mpeleke hospitali siku hiyo.