Amonia kwenye tangi jipya la maji chumvi
Mkuu, umeuliza kuhusu tangi lako la samaki, lina wiki 2 na amonia (sumu inayotokana na uchafu unaooza majini) inasoma 1 mg kwa lita, hiyo mbona kawaida kabisa. Ila samaki usiweke saa hii, hata muuza duka akikwambia maji meupe hayana shida, sumu yenyewe haionekani kwa macho. Acha bakteria wanaokula amonia wajae kwenye mawe, amonia itashuka, nitriti (sumu nyingine wanayoitoa wakiila) itapanda halafu nayo ishuke, zote zikigonga 0 ndo uweke samaki mmoja tu kwanza, mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6 hivi. Maji yakipungua kwa kukauka we ongezea yasiyo na chumvi wala klorini, maana chumvi haiondoki na mvuke, ukijazia ya chumvi utashtukia haidromita (kifaa cha kupima chumvi ya maji) imepita 1.025. Ule utando wa kahawia mchangani uache, huwa unaisha wenyewe.