Hewa nyuzi 28, maji nyuzi 13

Ndugu zangu wa Lamu, mmeuliza mbona tunawakataza watoto wanaokuja Chicago mwezi wa Juni wasijitupe ziwani kama wanavyojitupa gatini, na jua lenyewe linawaka hivyo. Kwa sababu hewa hupata joto kwa siku moja. Ziwa huchukua miezi.

Ziwa Michigan, ambalo Chicago iko kando yake upande wa magharibi, lina kina cha wastani cha mita 85. Baada ya baridi kali, maji ya juu yakipashwa na jua hadi kukaribia nyuzi 4 huwa mazito, huzama, ya chini yakapanda. Ziwa hujikoroga hivyo mpaka lote lifikie nyuzi 4. Hapo ndipo ya juu yanaanza kubaki juu na kushika joto. Ziwa Erie, lenye wastani wa mita 19, hutangulia. Ziwa Superior, mita 147, mwanzo wa Juni sehemu kubwa bado iko karibu na nyuzi 4. Maji ya Shela, ufukweni kwetu Lamu, hata kusi ikivuma, hucheza kwenye 25.

Linaloponza wageni hasa ni upepo. Tabaka la maji ya joto la Juni ni jembamba, mita chache tu. Upepo wa magharibi, unaotoka nchi kavu, hulisukuma katikati ya ziwa na baridi ya chini ikapanda ufukweni. Jana 18, leo 10. Na kwa macho huoni kitu: upepo uko mgongoni mwako, maji ya ukingoni yametulia kama ya kisimani. Soma kipimo cha joto la maji cha asubuhi hiyo hiyo, usitegemee cha jana.

Chini ya nyuzi 15 mwili hushtuka na pumzi huvutwa bila hiari. Kichwa kikiwa ndani, ni maji yanayovutwa. Ndivyo anavyozama hata bingwa wa kupiga mbizi. Ingia kwa miguu: magotini, kiunoni, jimwagie usoni na kisogoni, ngoja pumzi itulie. Isipotulia, toka. Ukianguka, lala chali, usipige mikono kwanza. Mshtuko hupungua baada ya dakika moja hivi, lakini zikipita kama kumi vidole na mikono haikutii tena. Tena maji baridi haya si ya chumvi, hayakubebi kama bahari. Kwenye boti, jaketi la kujiokolea livaliwe tangu ufukweni.

Kama ni kuogelea, kateni tikiti ya Agosti. Maji ya Chicago hapo huvuka nyuzi 20, ila upepo wa magharibi bado utazamwe.