Mbona nikisema sita kwa Kikantoni hawanielewi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nauza kava na chaji za simu hapa Mtwara mjini, mwakani nataka niende Guangzhou kufata mzigo mwenyewe, so nimeanza Kikantoni kwa voisi anazonitumia rafiki yangu aliyeko huko. Namba zinanishinda. Sita, nane na kumi kila siku ananiambia sivyo, na tatu yangu eti inasikika kama moyo. Nakosea wapi?
Muuza chaji, Mtwara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sisi tuliokulia Kiswahili tumezoea neno liishie na irabu, hata la kigeni likija tunalipachika ya kwetu, benki, soksi. Sita yao ni luk, we nahisi unasema luku kama ya umeme, na nane, baat, unaifanya bati. Hiyo irabu ya nyuma ndo inaharibu. Chukua kumi, sap: anza kama unataka kusema sapu, midomo ikishafungana usiifungue tena, kaa hivohivo, pumzi isitoke. Kwenye baat inayoziba ni ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kwenye luk ni shina la ulimi huko ndani. Mwanzoni utasikia zote zimekatika tu, hazina tofauti, ndo maana nakwambia mwombe rafiki yako video badala ya voisi, uangalie mdomo wake unavyofunga.

Tatu ni saam, a unaivuta. Moyo ni sam, a fupi na mdomo haupanuki sana. Vilevile gaai ni mtaa, gai ni kuku. Toni, yaani sauti inavyopanda au kushuka, ni ileile, kinachotofautisha ni hiyo a, kwa hiyo usiichukulie poa, we unaenda kutaja bei.

Irabu ngeni kwetu ni kama ya samaki, yu: sema i, ulimi usiusogeze, halafu viringa midomo kama ya u. (Ukikutana na maandishi ya Jyutping, yale ya herufi za kilatini yaliyotoka Hong Kong 1993, utaikuta jyu, j yao isome y.) Na Hong Kong wenyewe wanaiita Hoeng Gong, hiyo oe ni e ya midomo ya mviringo, mwishoni unaishia na ng' ya ng'ombe.

Ila kuna sehemu we utawapita wanafunzi wengi. Tano ni ng' peke yake, haina irabu kabisa, na neno lao la kukanusha, kama "si" yetu, ni m tupu, ipo hata kwenye m goi, asante ya mtu aliyekuhudumia. Tamka Mtwara taratibu, hiyo m ya mwanzo inavyosimama yenyewe ndo hiyohiyo.