Jibu: Je, Mrusi raia anaruhusiwa kumiliki bastola?

Ndugu, umeuliza kama Mrusi wa kawaida anaweza kununua bastola ya kujilinda. Bastola ya risasi za kweli, hapana. Desemba 1918 serikali ya Lenin iliamuru raia wasalimishe silaha. Bunduki za marisau za wawindaji ziliachwa. Sheria ya sasa ni ya 1996. Raia huanza na bunduki ya marisau, yenye mtutu laini ndani, na akiimiliki miaka 5 ndipo anaruhusiwa raifo, yenye mifereji ndani ya mtutu, ya kuwindia. Hapo wengi hukwama: akiiuza hiyo ya marisau mapema, hesabu ya miaka hukatika. Baada ya mauaji ya shuleni katika mji wa Kazan, Mei 2021, umri wa kuanza kumiliki ulipandishwa kutoka 18 hadi 21, jambo lililochelewa mno.